Dozi Haikatiki Bure: Yanayofundishwa na Chumba cha Magonjwa ya Ngono

Mtu mwenye kisonono haji zahanati akisema ana kisonono. Anakuja na "yutiai". Mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni anakuja na "fangasi", na mwenye maumivu chini ya kitovu anasema ni "chango". Majina hayo yana kazi yake: yanamwezesha mtu kutaja shida yake mbele ya foleni, mbele ya mama mkwe aliyemsindikiza, na mbele ya karani wa mapokezi ambaye ni jirani yake. Tatizo linaanza pale mhudumu naye anapolipokea jina hilo hivyo hivyo, akaandika UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwenye daftari na kutoa siprofloksasini. Kisonono kimeshajenga usugu mkubwa dhidi ya dawa hiyo, kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kwa ugonjwa huo mwaka 2016. Usaha unaweza kupungua, mkojo ukaacha kuunguza, na mgonjwa akaondoka akiamini amepona huku vijidudu vimebaki mwilini.

Sisi wauguzi na matabibu wa zahanati za Kanda ya Ziwa, tunaoshinda na shida hizi, tumefika mahali pa kuamini jambo moja: mgonjwa asiyemaliza dawa mara chache sana huwa mkaidi. Kuna kitu kimesimama kati yake na kidonge, na ukikitafuta utakipata. Mara nyingi kinapatikana ndani ya chumba chetu wenyewe, kabla ya kukitafuta nyumbani kwake.

Anza na mlango. Ufungwe, na aliyemsindikiza asubiri nje, hata awe mume. Kisha maswali yaulizwe kwa maneno ya kawaida: kuna usaha unatoka? Kuna kidonda, lengelenge, au mtoki kinenani? Tangu lini? Mwenzako naye analalamika? Swali ambalo wengi wetu huliruka ndilo lenye faida kuliko yote: umeshatumia dawa gani kabla ya kuja hapa, na vidonge vingapi? Duka la dawa huuza kwa kadiri ya hela iliyopo. Doksisaiklini dozi yake ni vidonge 14, viwili kwa siku kwa siku 7, lakini mwenye shilingi chache anapewa vinne na kuambiwa "anza na hivi". Anaendelea kuugua na kuambukiza, na mbele yetu atasema dawa ile haikumfaa, nasi tutakimbilia dawa kali zaidi bila sababu.

Halafu mpime, maana maneno peke yake hayatoshi. Kwa mwanaume, muulize amekojoa lini. Akiwa amekojoa muda mfupi uliopita, usaha umeshasafishwa na usipouona usiseme haupo. Arudishe govi mwenyewe, kisha akamue uume taratibu kutoka shinani kuja nje. Kwa mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini, bonyeza tumbo kabla ya kuandika dawa yoyote. Tumbo likiwa gumu, au akiwa amepitiliza siku zake, au anatoka damu isiyo ya mwezi, huyo apewe rufaa siku hiyo hiyo. Inawezekana mimba imetunga nje ya kizazi, na vidonge vya siku 7 vitampotezea muda ambao hana.

Usaha kwa mwanaume hutibiwa kisonono na klamidia kwa pamoja, kwa kuwa magonjwa hayo husafiri pamoja na kwa macho hayatofautiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umeweka seftriaksoni gramu 1, sindano moja ya msuli. Ule wa 2016 ulitaja miligramu 250. Karatasi za zamani bado zimebandikwa kwenye kuta nyingi, kwa hiyo tazama mwaka wa mwongozo ulio mbele yako na ufuate ule wa taifa unaotumika sasa. Seftriaksoni iliyochanganywa na lidokeini ili kupunguza maumivu ni ya msuli tu. Isichomwe mshipani kamwe. Klamidia inapewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mjamzito haipewi, yeye hupata azithromaisini gramu 1 mara moja.

Doksisaiklini hukatishwa kwa sababu tunayoweza kuizuia kwa sentensi mbili. Mtu anameza kidonge cha usiku kwa funda moja la maji, kisha analala papo hapo. Kidonge kinakwama kooni, kifua kinawaka moto, na kesho yake anaacha. Mwambie anywe kwa glasi nzima ya maji, akiwa ameketi, baada ya chakula, na asilale kwa angalau nusu saa. Asimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, maana huzuia dawa isiingie mwilini vizuri. Metronidazo, inayotolewa kwa uchafu ukeni unaotokana na trikomona au na bakteria, huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Aliyeambiwa mapema huvumilia. Asiyeambiwa hudhani anadhurika.

Bahasha ya dawa nayo ina makosa yake. Tunaandika "2×2" tukiona tumeeleza. Kuna anayesoma "viwili mara mbili", kuna anayemeza vinne kwa mkupuo, na kuna asiyesoma kabisa. Ukiandika "8:00" kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, umemwambia saa nane mchana au usiku. Andika "saa mbili asubuhi, saa mbili usiku", au chora jua na mwezi, na chini yake vidonge kwa idadi yake. Kisha mwombe akueleze atakavyomeza. Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu hakuna anayejibu hapana mbele ya koti jeupe.

Kwa wenza, tunatoa kadi. Kadi nzuri haitaji ugonjwa. Ina namba, tarehe na mahali pa kwenda. Wenza wa miezi 3 iliyopita wote watibiwe, hata asiye na dalili, na kila mmoja akae bila ngono siku 7 baada ya kutibiwa. Hili la dalili ndilo gumu kueleweka. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni chochote mpaka mirija ya uzazi imeshaharibika, na kwa hiyo mume mwenye usaha ndiye anayetangulia kuja, na mke anaonekana mzima. Ikitokea kinyume, mke akapimwa kwanza kliniki ya wajawazito, mambo yanageuka vibaya: aliyeleta habari ndiye anayehesabiwa ameleta ugonjwa. Kuna wanaopigwa, kuna wanaofukuzwa. Kabla ya kumkabidhi mwanamke kadi, muulize kwa sauti ya chini: ukiipeleka nyumbani, kutatokea nini? Akionesha hofu, kituo kimwite mume kwa njia nyingine, au mke mwenyewe achague siku na namna. Tumwamini, yeye ndiye anayelala katika nyumba ile.

Kuna vituo vinavyodai mjamzito aje na mume ndipo ahudumiwe haraka, na asiye naye aende kutafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ilikuwa kuwaleta wanaume kwenye kipimo. Kinachotokea ni kwamba msichana aliyetelekezwa, mjane, na mke wa mvuvi aliye kisiwani huchelewa kuanza kliniki kwa miezi, na hao ndio waliohitaji kipimo mapema kuliko wengine. Mume aalikwe, apewe muda unaomfaa, lakini kukosekana kwake kusimfungie mke mlango.

Kuchelewa huko kunauma zaidi kwenye kaswende. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa ya bei ndogo, na bado unaua watoto tumboni. Kipimo cha haraka cha pamoja, VVU na kaswende, kinahitaji tone la damu ya kidole. Kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti yenyewe: ukiwahi unakosa mstari uliofifia, ukichelewa mno unaona usiokuwepo. Mstari uliofifia ndani ya muda ni mstari. Akionekana na kaswende, mjamzito achomwe sindano siku hiyo hiyo, kabla hajatoka getini. Ili mtoto ahesabiwe amekingwa, mama anapaswa kuwa ametibiwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua, kwa hiyo "njoo wiki ijayo" linaweza kuwa neno la kumpoteza mtoto.

Dawa ni benzathini penisilini. Chupa ya yuniti milioni 2.4 huchanganywa na mililita 8 hivi za maji ya sindano. Tikisa mpaka unga wote uloane. Chembe hazijayeyuka, zinaelea tu, na ukiiacha kidogo zinatuama na kuziba sindano. Ndiyo maana sindano iwe pana, geji 19 au 21, na dawa ivutwe na kuchomwa papo hapo. Gawa mara mbili, nusu kila tako, sehemu ya juu ya nje. Vuta kidogo uone kama kuna damu, ikionekana, toa. Haiingii mshipani kwa hali yoyote. Sukuma taratibu bila kusimama, kwa kuwa ukisita katikati inaganda, na mgonjwa anapata nusu dozi na tundu la pili. Akae nusu saa mbele ya macho yako, na adrenalini iwe karibu: mtu mzima akipata mzio mkali, mililita 0.5 ya ile ya 1:1000, msuli wa paja.

Kisha mwambie kitakachotokea usiku. Ndani ya saa 24 anaweza kupata homa, baridi na kichwa kuuma. Ni mwili unavyopokea kufa kwa vijidudu vingi kwa mkupuo. Paracetamol inatosha, isipokuwa mjamzito akihisi uchungu au mtoto kupunguza kucheza, huyo arudi mara moja. Asipoambiwa, atasema "sindano imenikataa", na hatarudi. Na kurudi kunahitajika sana: kaswende ya muda mrefu, au isiyojulikana ilianza lini, inataka sindano 3, moja kila wiki. Ikipita zaidi ya siku 14 kati ya moja na nyingine, huanzwa upya. Tarehe iangukie siku ya mnada au gulio, maana siku hiyo magari yapo na hata asiyetaka kuonekana ana sababu ya kutoka nyumbani.

Jambo moja dogo linaloharibu ndoa: kipimo cha haraka cha kaswende kwa kawaida hubaki chanya maisha yote, hata kwa aliyepona. Andika kwenye kadi tarehe na idadi ya sindano. Ukihitaji kujua kama dawa imefanya kazi, ni kipimo cha damu cha RPR chenye kuhesabu kiwango, ambacho kinatarajiwa kushuka hadi robo ya kile cha mwanzo. Na penisilini ikiisha stoo, azithromaisini haishiki nafasi yake kwa mjamzito. Haivuki kondo la nyuma vya kutosha kumtibu mtoto, kwa hiyo mtoto huyo lazima atibiwe akizaliwa. Agizo la penisilini lipelekwe kabla chupa hazijafika za mwisho.

Dawa za kufubaza VVU ni safari nyingine, ya maisha. Kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir kimepunguza mzigo sana kulinganisha na vya zamani. Anayekimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenza kwa ngono. Habari hii ni tiba yenyewe, isemwe wazi na isemwe mapema, siku ya kwanza ya kuanza dawa.

Kuuliza kuhusu vidonge ni ustadi. Ukimuuliza mtu "unameza vizuri?", atasema ndiyo. Mazungumzo yanayoleta ukweli huwa hivi, muuguzi kijana na mama mtu mzima:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, vidonge huwa vinatupita, ndivyo binadamu tulivyo. Wiki hii iliyoisha vilikupita mara ngapi?"

"Mara mbili, mwanangu. Nilikuwa msibani."

"Hukuweza kwenda navyo?"

"Kopo linalia. Ukilitikisa tu kwenye mkoba, kila mtu anajua."

Hapo ndipo lilipo jibu, na siyo kwenye somo la umuhimu wa dawa, ambalo mama huyo angeweza kutufundisha sisi. Pamba kidogo ndani ya kopo inanyamazisha vidonge. Kwa safari, vidonge vya siku zile tu viwekwe kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko, na vingine vibaki kwenye kopo lake pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, ambacho watu hukitupa wakidhani ni takataka.

Wingi wa virusi ukiwa juu baada ya miezi 6 ya dawa, mgonjwa hufuatiliwa kwa vikao vya kila mwezi, kwa kawaida vitatu, ndipo kipimo kirudiwe. Vikao hivyo visiwe vya kugombeza. Pitia mambo yanayoweza kuangusha dawa hata kwa anayemeza kila siku. Ana kifua kikuu na anatumia rifampisini? Dolutegravir inapaswa kuwa mara mbili kwa siku, saa 12 kati yake. Ni mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu? Avimeze pamoja na dolutegravir wakati wa chakula, au dolutegravir itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6. Dawa za kiungulia zenye magnesi na alumini nazo zitenganishwe kwa saa hizo hizo, hata wakati wa chakula, na hazionekani kwenye faili kwa sababu zimenunuliwa dukani. Kisha uliza kuhusu chakula, pombe, mume asiyejua, na nauli.

Nauli inastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Dawa za VVU ni bure, lakini safari ya kuzifuata siyo. Kenya ilitupa somo ambalo halijazeeka. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada kwenye huduma za wagonjwa wa nje. Katika kliniki maalum ya magonjwa ya ngono ya Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilifutwa baada ya miezi 9. Wanawake walirudi kwa wingi kupita mwanzo, lakini wanaume waliishia asilimia 64 tu. Nani anaweza kusema wale waliopotea katikati walipona? Waliendelea na usaha wao na vidonda vyao, wakiwa na wenza, katika mji ambao VVU ilikuwa inaenea. Ada ndogo kwa anayeipanga mezani ni chakula cha siku kwa anayelipa, na ugonjwa usiouma sana ndio unaoahirishwa kwanza.

Upande wa pili wa ushahidi uko kwetu Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa huo ziligawanywa katika jozi 6. Katika nusu yake, wahudumu wa vituo vya kawaida vya serikali walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa dalili, dawa zikahakikishwa zipo, wasimamizi wakapita mara kwa mara, na wanakijiji wakaelimishwa wasikae na dalili. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii hizo na 1.9 kwenye zile nyingine; punguzo la takriban asilimia 40. Hakukuwa na mashine ngeni. Kulikuwa na mhudumu anayejua, dawa isiyoisha, na mlango ulio wazi kila siku. Rakai, Uganda, walijaribu njia tofauti, kuwapa watu wote dawa majumbani kila baada ya miezi 10, na VVU haikupungua. Watafiti walitoa sababu kadhaa, ikiwemo hatua ambayo janga lilikuwa limefikia kila mahali. Kwa mtazamo wetu wa chumbani, mtu huugua katika ile miezi ya katikati, na siku hiyo anahitaji kituo.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa Tanzania wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 5.6 kwa wanawake wa miaka 15 na zaidi, na asilimia 3.0 kwa wanaume. Tofauti hiyo inaanza mapema, wasichana wakiwa na wenza waliowazidi umri na fedha. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, sasa mwenye miaka 15 anaweza kupimwa VVU bila ridhaa ya mzazi, na mtu mzima anaweza kujipima. Lakini msichana anayekuja na sare ya shule akiulizwa mbele ya watu "wewe na umri huo?", sheria hiyo haijamfikia. Mpokeeni kwanza, mtibuni, maswali ya malezi yana siku yake.

Kwa wavuvi wa ziwani, tumejifunza kutazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na siku za mbalamwezi kambi hupumzika. Ukimpa mvuvi tarehe inayoangukia giza totoro, umemtaka achague kati ya dawa na mapato ya mwezi mzima. Mpe tarehe ya mbalamwezi, na aliyetulia kwenye dawa za VVU apewe za miezi 3 hadi 6. Mpe pia barua ya safari yenye namba yake ya kliniki, aina ya dawa na tarehe ya mwisho aliyochukua, ili kituo cha kisiwa chochote kimpe akikwama huko. Aihifadhi barua hiyo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa; mtumbwi huingiza maji na maandishi ya peni hufutika.